Tusiwasahau walinda lango waliodaka kwa mikono mitupu

ILIPOFIKA saa ya mikwaju ya penalti baina ya Harambee Stars na Madagascar, uwanjani Kasarani mnamo Agosti 2025, macho ya taifa zima yaliwaelekea walinda lango wawili. Kenya ilishindwa, ikayaaga mashindano ya CHAN katika robo fainali, na kama ilivyo ada, lawama zikaanza kutafuta mtu wa kumwangukia.

Mashabiki wenye mvi walikuwa na sababu ya kukumbuka siku nyingine ya penalti. Mnamo 1982, jijini Kampala, Kenya ilivaana na wenyeji Uganda katika fainali ya Kombe la Chalenji la Cecafa. Mechi hiyo ilimalizika sare, na mshindi akapatikana kwa njia hiyo hiyo ya mikwaju. Langoni mwa Kenya alisimama Mahmoud Abbas, mwana wa Mombasa aliyekuwa akiichezea AFC Leopards, na kombe likarejea Nairobi.

Kenya ilikuwa imelitwaa kombe hilo mwaka 1981, na ililitwaa tena 1983. Katika miaka hiyo ya neema, Abbas alivikwa lakabu iliyomganda hadi leo: Kenya One.

Hata hivyo, mwombe kijana wa leo amtaje mlinda lango mmoja wa Kenya wa kabla ya mwaka 2000. Aghalabu atanyamaza. Atakutajia Joe Kadenge, hata kama hakuwa amezaliwa nyota huyo alipotamba, kwa kuwa maneno "Kadenge na mpira" yameingia katika lugha yetu, na uwanja wa City Stadium jijini Nairobi ukapewa jina lake baada ya kifo chake mwaka 2019. Mfungaji ana uwanja na ana msemo. Mdakaji ana nini?

Walinda lango wa zamani walifanya kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Njia nyepesi ya kulitambua hilo ni kuvitazama vifaa walivyovaa, na vile ambavyo hawakuwa navyo. Tusipovihifadhi vifaa hivyo pamoja na simulizi za waliovivaa, tutakuwa tumeifuta nusu ya historia ya soka yetu kwa mikono yetu wenyewe.

Tuanze na mikono hiyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mlinda lango alidaka kwa viganja vitupu. Glavu zilivaliwa mvua iliponyesha, nazo zilikuwa za sufu au pamba, za kuzuia mpira usiteleze tu. Nchini Argentina, Amadeo Carrizo wa klabu ya River Plate anakumbukwa kuwa miongoni mwa waliotangulia kuzivaa kama sehemu ya kawaida ya kazi.

Mageuzi makubwa yalikuja miaka ya 1970. Sepp Maier, aliyekuwa langoni Ujerumani Magharibi iliponyakua Kombe la Dunia mwaka 1974, alishirikiana na kampuni ya Reusch kutengeneza glavu kubwa na nene zilizokusudiwa kazi ya langoni hasa. Baadaye viganja vya glavu vikaanza kutandazwa lateksi, yaani utomvu wa mpira uliogandishwa ukawa laini kama sifongo. Tangu hapo udakaji haukuwa tena ule wa zamani.

Lateksi ina sifa mbili zinazopingana. Kadiri inavyokuwa laini ndivyo inavyoushika mpira vyema, na ndivyo inavyochakaa upesi. Hutakiwa kuloweshwa kidogo kabla ya mechi, kisha kuoshwa kwa maji vuguvugu na kukaushwa kivulini. Juu ya nyasi nzuri, glavu kama hizo zaweza kutunzwa zikadumu. Juu ya changarawe au udongo mkavu, kujitupa mara chache tu kunatosha kuzichana.

Ndiyo maana glavu zilipofika kwetu hazikuwa za kila mtu. Mlinda lango wa timu ya mtaani aliendelea kudaka kwa viganja vyake, na mtoto wa shule aliyetaka kumuiga aliyemwona gazetini alivaa soksi mikononi. Hata leo wapo vijana ambao jozi yao moja ya glavu huwekwa hadi siku ya mechi. Mazoezini hurudia viganja vya babu zao.

Jezi nayo ina kisa chake. Hapo awali mlinda lango alivaa rangi sawa na wenzake, na refa alipata taabu kumtofautisha katika msongamano. Mwaka 1909 sheria ikamtaka avae rangi yake peke yake, iwe nyekundu, buluu au nyeupe. Kijani kiliongezwa mwaka 1912, na ndicho kilichotawala kwa miongo mingi.

Mwaka huo huo wa 1912 alipunguziwa uhuru. Kabla yake mlinda lango aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Tangu hapo akafungiwa ndani ya eneo lake la hatari, na mhusika aliyekuwa huru kuzurura akageuka bawabu.

Vazi lenyewe lilikuwa sweta nzito ya sufu yenye shingo ndefu. Lilibuniwa kwa baridi ya Uingereza, lakini lilisafiri pamoja na mchezo hadi nchi za jua kali. Anayetaka kujua uzito wake na afikirie sweta ya sufu iliyolowa jasho na mvua, ikiwa imevaliwa na mtu anayetakiwa kuruka hadi kwenye mwamba wa goli.

Wapo waliolifanya vazi hilo kuwa nembo yao. Lev Yashin wa Dynamo Moscow na Muungano wa Kisovieti alijulikana kwa mavazi yake meusi na kofia yake. Mwaka 1963 alitunukiwa tuzo ya Ballon d'Or, na hadi leo hakuna mlinda lango mwingine aliyewahi kuipata. Jorge Campos wa Mexico, mfupi wa kimo, alifika kwenye Kombe la Dunia la 1994 na jezi za rangi kali zilizometameta, ambazo alizibuni mwenyewe.

Kwa Afrika, nembo ilikuwa suruali. Thomas N'Kono wa Cameroon alilinda lango la nchi yake katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Uhispania akiwa amevaa suruali ndefu ya mazoezi. Alifungwa goli moja tu katika mechi tatu, dhidi ya Peru, Poland na Italia. Italia hiyo ndiyo iliyokwenda kutwaa kombe.

Kwa mlinda lango aliyekulia kwenye viwanja vigumu vya bara hili, suruali haikuwa pambo. Ilikuwa ngozi ya pili. Wakazi wa Nairobi, Kisumu, Tanga au Lubumbashi waliowahi kucheza kwenye udongo mkavu wanazijua alama za magoti na nyonga ambazo mtu hubaki nazo maishani. Miaka minane baada ya Uhispania, mvulana mmoja wa Kiitaliano alimtazama N'Kono kwenye runinga wakati wa Kombe la Dunia la 1990, akavutiwa na kazi ya langoni. Jina lake ni Gianluigi Buffon, na mwanawe wa kwanza alimpa jina la Thomas.

Lakini barani Afrika mavazi ya mlinda lango yalizaa jambo jingine, nalo ni shaka. Kofia, taulo na glavu zake zimeshukiwa mara kwa mara kuwa na hirizi ndani yake.

Kofia ya Robert Mensah wa Asante Kotoko ya Ghana ilivuma kuliko zote. Mnamo Januari 1971, Kotoko ilicheza fainali ya Klabu Bingwa Afrika mjini Kinshasa dhidi ya TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe. Wengi waliamini kwamba siri ya Mensah imo kofiani. Wenyeji walipopata penalti dakika za mwisho, kofia hiyo ikawa chanzo cha mzozo, na mkwaju ulipopigwa haukuingia wavuni. Kotoko ilishinda 2-1, ikatawazwa mabingwa. Kabla mwaka huo haujaisha, Mensah alikuwa maiti, baada ya kuchomwa kwa chupa iliyovunjika katika ugomvi wa baani.

Sifa zake zilifika hadi pwani yetu. Juma Pondamali, mlinda lango wa Tanzania katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria, alijulikana kwa lakabu ya Mensah.

Shaka hiyo haikuisha na kizazi hicho. Mnamo Februari 2002, N'Kono, wakati huo akiwa mkufunzi wa walinda lango wa Cameroon, alikamatwa na polisi uwanjani mjini Bamako kabla ya nusu fainali kati ya Cameroon na Mali. Alidaiwa kuweka uchawi uwanjani. Gwiji aliyewafunza Wazungu kudaka aliburutwa mbele ya umati kama mwizi wa kuku.

Hapa ndipo penye kiini cha dhuluma. Mlinda lango wetu akiokoa, ni hirizi. Akifungwa, ameuza mechi. Katika hukumu zote mbili, miaka yake ya mazoezi, ujasiri wa kujitupa miguuni mwa mshambuliaji, na akili ya kuisoma krosi kabla haijapigwa havitajwi hata kidogo. Asiyepewa sifa ya kazi yake akiwa uwanjani, atakumbukwaje akiondoka?

Wapo watakaosema kwamba walinda lango wa leo ni bora zaidi, na kwamba ubora huo unatokana na glavu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kifaa cha mlinda lango kimebadilika, lakini na mpira wenyewe umebadilika.

Gozi la zamani lilishonwa kwa ngozi ya ng'ombe, na kwa miaka mingi lilifungwa kwa kamba kama kiatu. Lilinyonya maji, likawa zito, na kulidaka kwa viganja vitupu kulikuwa kama kupokea tofali. Mpira wa Azteca uliotumiwa nchini Mexico mwaka 1986 ulikuwa wa kwanza wa Kombe la Dunia kutengenezwa bila ngozi halisi. Tangu wakati huo mpira umekuwa mwepesi, mwenye kasi, na wenye kuyumba hewani. Jabulani ya Afrika Kusini mwaka 2010 ililalamikiwa na walinda lango wengi kwa sababu hawakuweza kukisia utakapoangukia.

Sheria nayo ilizidi kumbana. Tangu 1992 haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi kwa mguu wa mwenzake. Kabla ya hapo, beki aliyezidiwa alimrudishia mlinda lango, naye akaukumbatia na kupoteza muda kwa raha zake. Leo sharti ajue kuusakata kama kiungo. Kwa hiyo wa kale walikabiliwa na uzito na maumivu, na wa sasa wanakabiliwa na kasi na hesabu. Hakuna aliyepewa kazi rahisi.

Jambo moja tu halijabadilika, nalo ni lawama. Moacir Barbosa alikuwa langoni Brazil iliposhindwa 2-1 na Uruguay uwanjani Maracanã mwaka 1950. Alibebeshwa mzigo wa kipigo hicho hadi alipofariki mwaka 2000, nusu karne nzima. Mwenzake wa karibu nasi ni Mwamba Kazadi wa Lubumbashi, aliyetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 na tena 1974. Miezi michache baada ya ushindi huo wa pili, Zaire ilipambana na Yugoslavia katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi. Kazadi aliondolewa uwanjani baada ya kufungwa magoli matatu tu, na Zaire ikaishia kufungwa tisa. Wengi huikumbuka tisa hiyo, na wachache huyakumbuka makombe mawili.

Tukirudi nyumbani, orodha yetu si fupi. James Siang'a alikuwa mlinda lango wa Kenya iliposhiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon mwaka 1972. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1-1 na Mali na vilevile na Togo. Siang'a aliyachukua aliyojifunza langoni akayapeleka kwenye ukufunzi. Mwaka 2003 alikuwa kocha wa Simba ya Tanzania ilipowang'oa Zamalek wa Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko huko Cairo. Langoni alikuwa Juma Kaseja. Mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa watu wa milingotini. Siang'a alifariki mwaka 2016.

Jirani zetu Uganda walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, Paul Ssali akiwa mlinda lango wao. Nayo Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, David Ochieng akiwa kati ya milingoti. Kumbuka jinsi kombe hilo lilivyopatikana: sare ya 2-2 mjini Tunis dhidi ya Espérance, kisha sare ya 1-1 jijini Nairobi. Ushindi ulitokana na magoli ya ugenini. Goli moja zaidi la wageni siku ile lingalilibeba kombe hadi Tunisia. Tunawaimba waliofunga, na ni haki yao, lakini kombe lile lilishikiliwa pia na aliyezuia.

Wengi wetu tuliwajua watu hawa kwa masikio. Redio ya Sauti ya Kenya ndiyo iliyoturusha pamoja nao, na sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ilimfanya msikilizaji wa kijijini aone mpira ukipanguliwa na kuwa kona. Mbotela naye alituacha mnamo Februari 2025. Waliocheza wanazeeka, waliotangaza wanaondoka, na jezi zimo masandukuni zikiliwa na nondo, kama hazijageuzwa matambara.

Si suala la huzuni za wazee tu. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mnamo Septemba 2023 uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Mgeni akifika Nairobi akauliza aonyeshwe historia ya soka ya nchi hii, tutampeleka wapi? Tutamwonyesha viti vipya na taa mpya. Viti na taa havielezi chochote kuhusu watu waliotufikisha hapo.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila gharama kubwa. Kwanza, shirikisho la soka na klabu kongwe, AFC Leopards na Gor Mahia zikiwa mbele, ziwatafute wachezaji wa zamani na kurekodi simulizi zao wakiwa hai. Kinasa sauti na mwandishi mmoja mwenye subira vyatosha kuanzia. Makavazi ya Kitaifa na Shirika la Utangazaji la Kenya yanaweza kuzipokea na kuzitunza rekodi hizo.

Pili, familia ziombwe kuazima jezi, kofia, njumu, glavu na picha kwa maonyesho maalumu. Glavu ya pamba iliyotoboka, ikiwekwa kando ya glavu ya kisasa, itamfunza mtoto wa shule mambo ambayo hotuba ya saa nzima haiwezi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kumbukumbu ifae walio hai. Mlinda lango ni mchezaji anayehitaji mwalimu wake, muda wake na vifaa vyake. Timu nyingi za shule na mitaa humweka langoni yule asiyejua kukimbia, kisha humlaumu asipodaka. Jozi chache za glavu kwa kila kaunti, na kozi fupi zinazofundishwa na walinda lango waliostaafu, zingetatua matatizo mawili kwa pamoja: kijana angepata ujuzi, na mzee angepata heshima na kitu cha kutia mfukoni.

Kwamba kazi hii yaweza kuheshimiwa kwetu si ndoto. Mganda Denis Onyango alituzwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2016 miongoni mwa wanaosakata soka barani Afrika, baada ya kuisaidia Mamelodi Sundowns kutwaa ubingwa wa klabu za bara hili. Aliyetunzwa, akafunzwa na kuaminiwa, alilipa.

Siku nyingine ya penalti itakuja, Kasarani au kwingineko. Kijana atatembea peke yake hadi kwenye mstari wa goli, atazipiga glavu zake kofi mbili, atamtazama mpigaji machoni. Ingefaa ajue kwamba mahali pale waliwahi kusimama wengine bila glavu, na kwamba taifa halikuwasahau. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema afungaye peke yake.